Mama Mkwe Hajanywa cha Tatu

Bonga, Meskerem 18, 1985

Wagaye mjukuu wangu,

Hivi hiyo miguu yako umemwazima nani? Mvua zimekuja zikaenda, maua ya manjano ya mwaka mpya yamechanua mlimani mara mbili, na wewe huonekani. Sikukuu nimeila na jirani yangu Bogalech, ambaye ndiye anayeniandikia, na mbwa. Mbwa aliulizia habari zako. Bogalech hakuuliza, amekwisha kukata tamaa. Anasema hilo haliandiki. Ameliandika.

Sisi tu wazima. Mjomba wako Tesema ameezeka nyumba yake bati, sasa anatembea kichwa juu kama vile bati ameliezeka kichwani. Ng'ombe mwekundu amezaa jike. Na kahawa, mwanangu, kahawa ya mwaka huu hata sijui nikuambie nini. Matawi yamelala chini kwa kuzaa. Siku ya Mikaeli makasisi walikunywa kahawa yangu, kengele ikapigwa, wakakaa, ikapigwa tena, wakakaa. Mke wa Asfaw, yule aliyekuwa akisema kahawa yangu ina uchachu, alinisogezea kikombe chake mwenyewe bila kuulizwa. Nilikijaza polepole ili watu wote waone.

Sasa nisikilize. Ndoa yenu mliifunga ofisini, bila ngoma wala vigelegele, kwa sababu mlikuwa kwenye msiba wa baba mkwe wako, Mungu amrehemu. Sikulalamika. Nilisema moyoni, baraka ya ndoa hii mama yake Endale ataitoa siku atakapokunywa kikombe cha tatu cha kahawa nyumbani kwa watoto hawa, na hapo ndipo mjukuu wangu atakuwa ameolewa. Mwaka umepita na mwingine umeanza. Je, mama mkwe wako Tewabech amekinywa? Barua zako hazisemi. Umeniandikia habari za cherehani, umeniandikia habari za jirani aliyevunjika jino, ya mama mkwe wako kimya.

Nijibu. Na uje.

Bibi yako, Askale


Addis Ababa, Tikimt 9, 1985

Bibi yangu kipenzi,

Nakubusu magoti. Barua yako nimeisoma mbele ya Endale, amecheka mpaka akakohoa. Mpe mbwa salamu zangu, na Bogalech umwombee msamaha kwangu.

Sisi hatujambo. Kazini tumeshona sare za wanafunzi mpaka nikawa naota kola. Endale bado anatengeneza redio za watu. Nyumba imejaa redio na hakuna hata moja inayoimba. Tumepata chumba cha pili hapahapa ghorofani, kina dirisha linalotazama mlima wa Entoto. Nimetundika pazia katikati, upande mmoja wa wageni, upande mmoja wa jiko.

Mama mkwe ni mzima na anakusalimu. Jumapili alikuja, akanywa kahawa, akaisifu, ila aliharakisha kurudi kwa sababu ya kuku wake.

Kuhusu kuja, Bibi, unajua barabara ilivyo baada ya mvua, na kazini hawatoi ruhusa kirahisi. Nitakuja mambo yakitulia. Kama kuna dereva unayemwamini, nitumie kahawa yako kidogo. Ya soko la hapa inanuka gunia.

Mjukuu wako, Wagaye


Bonga, Hidar 2, 1985

Wagaye,

Kuku. Kuku wa wapi hao wanaomtoa mwanamke mtu mzima kwenye kahawa? Mimi nimefuga kuku tangu sijaota meno ya ukubwani, na sijawahi kuona kuku aliyemwita mtu nyumbani.

Tu wazima, ndama anakua, mke wa Asfaw amekuja tena kunywa. Hayo yatosha.

Sikukuuliza kama Tewabech ni mzima. Nilikuuliza kama amekunywa cha tatu. Umenijibu alikunywa na akaondoka, maana yake hakukinywa. Mtu anayeondoka kabla ya baraka, ama nyumba inaungua au ana neno moyoni. Nyumba yenu haijaungua, ungeniandikia.

Nakutumia kahawa kwa Worku, dereva wa lori la mbao. Ni ya ule mti wa nyuma ya jiko, nimeichambua mwenyewe punje kwa punje. Sasa fanya hivi. Ioshe ndani ya chuma cha kukaangia, uisugue kwa viganja mpaka ngozi ile nyembamba itoke na maji yawe meupe. Kaanga kwa moto wa mkaa uliotulia, na mkono usisimame. Ukisimama kujikuna, umeiunguza. Ikianza kulia pa-pa-pa na kutoa mafuta, itoe.

Halafu jebena, birika lako la udongo. Umeiosha kwa kitu gani? Kama imeguswa na sabuni, ivunje, usiilie. Udongo haurudishi ulichonywa. Nunua nyingine uichemshe na maganda ya kahawa, umwage, uichemshe tena, mpaka isahau kwamba iliwahi kuwa tope.

La mwisho ndilo kubwa. Kabla ya kutwanga, chukua chuma kikiwa kinafuka, mpelekee Tewabech moshi kabla ya mtu mwingine. Umtazame. Mwanamke mwenye kinyongo hugeuza uso upande. Akiuvuta moshi kwa mkono wake, basi kinyongo hakuna, kuna kosa tu limekaa mahali, na kosa tutalitafuta.

Na haya mambo unayongoja yatulie ni mambo gani? Mimi mambo yangu hayajawahi kutulia tangu nizaliwe, na bado natembea.

Bibi


Addis Ababa, Tahsas 14, 1985

Bibi yangu,

Nakubusu magoti, na leo nayabusu kwa muda mrefu, maana nina aibu ya kuinua uso.

Usikasirike kwa kuchelewa. Daraja lilikatika, lori la Worku likalala upande wa pili wa mto, kahawa ikafika wiki iliyopita. Gunia lilipofunguliwa, Endale aliinama akanusa. Kisha akasema, kumbe miaka yote hii tumekuwa tunakunywa kitu kingine.

Nilifanya kama ulivyosema. Jebena, ndiyo, niliiosha kwa sabuni. Sikuivunja mwenyewe, moyo ulinishinda. Nilimpa Endale aivunje. Nimenunua mpya, nimeichemsha na maganda mpaka majirani wakauliza kuna nini.

Jumapili mama mkwe akaja. Nilitandaza nyasi mbichi, nikachoma ubani, nikakaanga. Bibi, ungeona. Milango ya ngazi nzima ilifunguka. Watu ambao huwa tunapishana kama mawe walipanda juu kufuata harufu: Sofia wa chini, fundi viatu wa chumba cha kona, na mke wake ambaye sikujua hata kama anaongea. Wote wakakaa. Nikampelekea mama mkwe moshi kwanza. Hakugeuza uso. Aliuvuta kwa mikono yote miwili, akaukusanya ndani ya shuka alilojitanda kama mtu anayefunika mtoto, akafumba macho.

Kikombe cha kwanza alikinywa taratibu, akasema mbele ya watu wote kwamba kahawa hii ina mwenyewe. Nilitaka kuruka. Nikaingia nyuma ya pazia kuandaa cha pili, na sikumbania kitu, Bibi. Nilifanya kama ninavyomfanyia siku zote: nikamwaga machicha ya kahawa ya kwanza, nikatia kahawa mpya, nyingi, ikachemka nyeusi kama lami. Nikammiminia.

Aliangalia ndani ya kikombe. Akakiweka chini bila kukigusa kwa mdomo, akasimama, akasema amenishukuru na ameshiba. Endale akamsindikiza. Kwenye ngazi alimwambia maneno haya, na Endale amenirudishia kama yalivyo: "Mwambie mkeo nimemwelewa. Hataki nifike mwisho."

Mwisho wa nini, Bibi? Nimempa kila nilicho nacho.

Sasa nakuambia nilichokuwa nakificha. Haikuwa Jumapili moja. Tangu tuoane hajawahi kumaliza. Mara ya kwanza nilimpa cha pili kwenye machicha yaleyale, kama tulivyokuwa tukifanya huko, na alikunywa, lakini Sofia alininong'oneza jikoni, "Mama wa mumeo unampa maji ya kuoshea vikombe? Huku mjini watu hawafanyi hivyo." Niliona aibu, nikakimbilia kumtengenezea nyingine kali kabla hajainuka. Toka siku hiyo nampa mpya kila mara, na kila mara anaondoka.

Si barabara, Bibi, wala si ruhusa. Siwezi kuja Bonga mkaniuliza wote kama nimebarikiwa, nikasema hapana. Je, huwezi kuja wewe ukazungumza naye?

Wagaye wako


Bonga, Tir 3, 1985

Wagaye, kaa chini usome.

Bogalech aliponisomea barua yako nilicheka mpaka akaiweka pembeni akaniletea maji. Nilipokwisha kucheka nikapiga kigelegele, peke yangu, hapa uani, na mbwa akakimbia. Nimelipata. Kosa nimelipata, liko mkononi mwangu, nalishika shingo.

Wewe mtoto, umemwaga machicha!

Kahawa ya kwanza na ya pili na ya tatu ni kahawa moja. Imetiwa mara moja, inaongezwa maji, inapungua nguvu huku watu wanazidi kuzoeana. Ukimwaga machicha ukatia mpya, hujamwongezea mtu, umeanza upya. Ulimpa cha kwanza, halafu ukampa cha kwanza tena, na hata angekaa kwako mpaka Pasaka angeendelea kunywa cha kwanza tu. Baraka iko chini ya jebena, na wewe kila Jumapili unaitupa nje kwenye ndoo.

Sasa jiweke kwake. Anakuja na maneno ameyafunga kwenye kona ya shuka, amewatayarishia wewe na mwanawe. Anakunywa cha kwanza, roho inafunguka. Anangoja cha pili chepesi. Kinakuja cheusi kama lami. Anajua mara moja machicha yamekwenda. Yaani mke wa mwanawe anamwambia mbele ya majirani, kunywa, usifu, urudi kwako, baraka yako siihitaji. Aseme nini? Aombe? Kikombe cha tatu hakiombwi, hata mimi na ulimi wangu huu sijawahi kukiomba. Basi anaondoka na maneno yake, na kuku wanasingiziwa.

Na Endale usimlaumu. Mwanamume anajua kikombe kilichofika mdomoni, hajui kimetoka wapi.

Hana kinyongo na wewe. Alikusanya moshi wako kwenye shuka. Angekuchukia angeacha upite.

Unauliza kama nitakuja kuzungumza naye. Ndama ameanza kula majani. Mjomba wako amegundua kwamba bati linavuja.

Mwendee mwenyewe, nyumbani kwake, usimtume mume. Usimweleze kitu, maneno yameshaharibika. Litoe hilo pazia, pika mbele ya macho yake. Ya tatu iwe nyepesi mpaka aone ua lililochorwa ndani, kwenye kitako cha kikombe. Sofia mkalishe karibu, ajifunze, na akifungua mdomo mtilie bisi.

Bibi


Addis Ababa, Yekatit 21, 1985

Bibi, Bibi, Bibi yangu,

Nabusu magoti, nabusu mikono, nambusu na Bogalech aliyeandika. Naandika huku Endale anaimba upande wa pili, na moja ya redio zake nayo imekubali kuimba. Hatujambo hata kidogo, yaani tumezidi kutokuwa na jambo.

Nilikwenda kwa mama mkwe. Nilimkuta anamwaga mtama uani. Nikambusu magoti, nikamwambia Jumapili namngoja. Akasema hajui, kuku wana ugonjwa. Nikamwambia awalete, nitawatandikia. Akaendelea kumwaga mtama, nikaondoka sijui anakuja au haji.

Jumapili nililiondoa pazia. Majirani walikuwa wamekwisha kukaa, wote wale, na wengine wawili. Mkaa umetulia, chuma kiko mkononi, mlango uko wazi, na yeye hayupo. Nikaanza kuosha kahawa polepole. Nikaiosha na kuiosha tena, mpaka fundi viatu akauliza kama naiandaa kwa ubatizo. Ndipo nikasikia fimbo yake kwenye ngazi.

Sikusema neno. Moshi, kinu, jebena. Cha kwanza akanywa. Hakusifu safari hii. Aliyaweka mikononi mwangu macho yake yote mawili na hakuyaondoa.

Nikainua jebena mbele yake. Nikachukua maji, nikamimina ndani, juu ya machicha yaleyale, nikairudisha motoni. Maji mengine yakaumwagikia mkaa, ukalia shiii. Yeye akavua shuka begani akalikunja magotini. Bibi, mtu anayeondoka hakunji shuka.

Cha pili akanywa chote. Akaanza kuongea, akamuuliza mke wa fundi viatu ametoka wilaya gani, kumbe ni kijiji alichotoka mama yake mama mkwe! Wakacheka kama wasichana kisimani. Mimi nikaongeza maji tena. Niliposhika jebena kumimina cha tatu, Sofia akavuta pumzi kusema neno. Kabla sijafikia bisi, mama mkwe alikwisha kumwambia, "Wewe Sofia, ukitaka kali, kwako kuna jiko."

Nikammiminia. Ilikuwa nyepesi, ua lilionekana chini. Alikishika kikombe kwa mikono miwili, akakitazama muda mrefu, akanywa. Kisha akaniuliza, na chumba kizima kikasikia:

"Kwa nini siku zote ulikuwa unamwaga?"

Nikasema, "Mama, nilikuwa naona haya kukupa nyepesi."

Akakiweka kikombe chini. Halafu akasema, "Mimi nimemaliza mwaka naenda kaburini kwa marehemu kumwambia mwanetu ameoa mtu mwenye majivuno. Sasa nikamwambie nini?"

Endale akasema, "Mwambie tulikuwa tunakunywa vibaya."

Basi alicheka, Bibi, na kulia humohumo. Akasimama, watu wote wakasimama. Akaweka mkono mmoja kichwani kwangu na mwingine kwa Endale, akafungua maneno yake. Akasema nyumba hii isikose moto, na moto wake usikose watu. Akasema nizae nilee, ninenepe, nizeeke mpaka nisahau nimekuja lini. Akasema Endale asije akala mahali pengine akasifu. Kila neno ngazi nzima ikaitikia amina, mpaka walio nje wakaitikia bila kujua wanaitikia nini. Alipomaliza akapiga vigelegele, vile ambavyo hatukuvipata ofisini, na mke wa fundi viatu, yule asiyeongea, akavipokea kwa sauti iliyotikisa vioo. Mtu akaleta mikate ya injera, mtu akaleta ngoma. Fundi viatu alicheza na Sofia. Tumeoana, Bibi. Tumeoana juzi Jumapili, saa ya alasiri.

Asubuhi yake mama mkwe alikuwa bado yupo, amekaa jikoni kwangu, anachambua kahawa yako na kuuliza wewe ni mtu wa namna gani.

Wagaye wako, mke wa Endale


Bonga, Megabit 7, 1985

Mjukuu wangu, mke wa Endale,

Hapa ni wazima wote, na wasiokuwa wazima wamepona kwa habari yako. Bogalech amenisomea barua mara nyingi mpaka sasa naisema bila yeye, na naisema kanisani, sokoni, na mtoni. Mke wa Asfaw nimemsimulia mara mbili, mara ya pili kwa sababu nilihisi hakusikia vizuri. Alisikia, ila nilipenda uso wake. Mjomba wako Tesema alilia, akasingizia moshi wa jiko langu, na jiko lilikuwa limezimwa.

Mwambie Tewabech mimi ni mtu wa namna hii: nina domo, sina meno mengi, na yeyote aliyekusanya moshi wa mjukuu wangu kwenye shuka lake ni ndugu yangu. Maneno yake yale ni mazuri. Lile la Endale kusifu chakula cha wengine ningelisema kwa ukali zaidi.

Sasa sikia, maana visingizio vimekwisha na barabara imekauka. Utakuja kabla ya mvua. Utakuja na Tewabech, na Endale abebe mizigo, na kuku wabaki na Sofia. Nyasi nitatandaza mimi, moto nitauwasha mimi. Lakini ukivuka kizingiti usikae upande wa wageni. Pita moja kwa moja ukae kwenye kigoda changu, ushike jebena yangu, upike wewe. Tangu mama mkwe wangu aondoke duniani, hakuna mwanamke mwingine aliyemimina kahawa ndani ya nyumba hii, na sijawahi kukaa nikanyweshwa. Mimi nitakaa na Tewabech mkeka mmoja. Cha tatu nipe mimi kwanza, kwa kuwa ndimi mkubwa, na usiharakishe kuchukua kikombe, kwa maana na mimi nina maneno yangu juu yako, nimeyaweka tangu ulipozaliwa, na ni mengi.

Bibi yako, Askale